Mtoto Hataki Midoli, Anataka Mzigo

Ukiishi nyumba ya kupanga Dar es Salaam, uwanja wa mtoto ni sebule, na masika yakianza hata kibarazani hakukaliki. Hapo ndipo tivii inaposhinda. Lakini mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu ana nguvu ambazo lazima zitoke. Usipomtafutia pa kuzitolea, atazimalizia kwenye mapazia na droo za kabati.

Kwa binti yangu, kilichofanya kazi kuliko vyote ni kumpa kitu cha kusukuma, kuvuta au kubeba. Mdoli wa betri unaimba na kutembea wenyewe, mtoto anabaki kutazama. Dumu la lita 5 halifanyi lolote mpaka yeye alitie nguvu.

Basi anza na hilo dumu. Tia maji robo hivi, kaza mfuniko, lilaze sakafuni. Wangu alikuwa akilisukuma kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kochi, makalio juu, anahema kama msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Raha ya mchezo huu ni yale maji. Yakiyumba ndani, dumu linakwenda upande asioutaka, naye inabidi ahamishe mguu, akaze mkono mmoja, alirudishe njiani. Ukilijaza halisogei, atasusa. Likiwa tupu linamtoroka, naye anafuatia kwa pua.

Baada ya dumu, kanga. Itandaze kwenye marumaru, weka juu yake mto au nguo ulizoanua, mpe pembe mbili avute. Hapo atatembea kinyumenyume bila kuambiwa, jambo ambalo ukimwomba alifanye hivi hivi atakuangalia tu. Baadaye mgeuze abiria: akae katikati ya kanga, wewe uvute polepole na kukata kona. Kujizuia asipinduke kunafanyisha kazi tumbo na mgongo. Sharti akae, kusimama hapana. Na awe peku, maana soksi kwenye marumaru ni kuteleza tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku. Saa tatu! Usiogope, si za mfululizo, na kumbebea bibi ndala zake mpaka mlangoni nako kumo. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya tivii au simu kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Hilo la pili ndilo gumu, hasa mvua ikinyesha na chakula kikiwa jikoni.

Kwa kurusha, viringisha soksi ziwe mipira, weka sufuria kubwa mbele yake. Sufuria ni bora kuliko ndoo kwa sababu inalia akipata. Kelele utazizoea.

Kuruka kunataka subira. Kuinua miguu yote miwili kwa pamoja huja karibu na miaka miwili na nusu. Kabla ya hapo, ukimlazia kanga iliyosokotwa sakafuni, atavuka kwa mguu mmoja mmoja huku akitangaza kuwa ameruka. Mpigie makofi. Ila usimrushe juu kwa kumvuta mkono, kama wajomba wanavyopenda. Kiwiko cha umri huu huteguka kirahisi sana. Ukitaka kumnyanyua, mshike kwapani.

Kabla hujatandaza chochote, pita chooni na uani umwage maji yaliyobaki kwenye ndoo na mabeseni. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake. Akiinama akatumbukia hawezi kujitoa, na maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumzamisha. Mlango wa jikoni ufungwe, vifuniko vya chupa viokotwe vyote, na kanga isifungwe shingoni hata kama anajifanya farasi.

Wanaoishi ghorofani, mchezo wa kuruka uhamishieni juu ya godoro, tena kabla jirani wa chini hajarudi kutoka kazini.