Kabla hujaikata ekzosi ya Z yako, kaa hapa kidogo

Nikisimama sheli tu kuweka mafuta hakosi mtu, anazunguka nyuma ya gari anainama anachungulia halafu anauliza "yakhe hii umeifanya nini mbona inalia vizuri", na mie siku zote namjibu kwa ufupi kwa sababu jibu refu lina aibu zangu nyingi ndani yake. Leo naliandika lote.

Gari yenyewe Nissan Fairlady Z, ile Z33, ya 2003, gea sita za mkono, injini VQ35DE lita 3.5, silinda sita za V yaani tatu huku tatu kule. Ilitoka Japani ikashuka Dar halafu ikavuka na meli mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja. Kwenye makaratasi ya kule imeandikwa nguvu za farasi 280, namba ambayo makampuni ya Kijapani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe wasiivuke kwenye matangazo yao mpaka 2004 ndo makubaliano yakafa. Mie nikajiambia basi humu kuna farasi wamefichwa, nifungue tu milango watoke. Nilianza kufungua milango bila ya kuuliza wamefungwa kwa nini.

Kitu cha kwanza nilinunua ile filta ya koni, ya mtandaoni, nikatoa boksi zima la hewa nikaliweka uvunguni nikaifunga koni wazi ndani ya boneti. Sauti wallahi sikufichi, tamu. Ukikanyaga inahema kama mzamiaji pweza anapoibuka juu. Wiki nzima nilikuwa natoka kununua mkate kwa gari na duka liko hatua thelathini.

Wiki ya pili nikaanza kuona gari nzito. Asubuhi nzima nzima haina neno, lakini mchana, hasa kaskazi ile ya mwezi wa pili, nikitoka kwenye foleni ya Darajani nikikanyaga inakuja kwa uvivu. Nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari kwa bluetooth kwenye simu, nikafungua sehemu ya joto la hewa inayoingia. Nje nyuzi 32. Ndani ya mrija wa hewa 63! Yaani koni imekaa jirani na injini inavuta ile hewa ya rejeta iliyokwisha kuchemka. Nikarudisha boksi la kiwanda, foleni ile ile, saa zile zile, nikapata 41. Hewa ya moto ni nyepesi, na kwa joto letu hili kila nyuzi 3 zikipanda unapoteza kama asilimia 1 ya hewa, sasa toa 41 kwenye 63 upige hesabu, hapo ni asilimia 7 imekwenda, karibu farasi ishirini. Nimelipa pesa yangu kuwatoa farasi ishirini nje!

Najua kuna mtu atasema ukishatembea joto linashuka. Kweli linashuka. Lakini sie Unguja mjini tunatembea saa ngapi? Boksi la kiwanda la Z mdomo wake uko mbele juu ya rejeta, unavuta hewa ya nje kabla haijapita kwenye joto, wale watu wa Nissan walishaifanya kazi hiyo bure. Kama unataka kugusa kitu hapo badili filta bapa ya ndani ya boksi uweke mpya safi basi. Na kama yako ni ya 2007 kuja mbele, yenye VQ35HR, zile za farasi 313, zina maboksi mawili kulia na kushoto, nunua filta mbili usije ukarudi dukani kama jamaa yangu.

Koni yangu ilikuwa na balaa la pili, ni zile za kuosha na kupaka mafuta. Nikaiosha nikaipaka, nikaona haijakolea nikaongeza. Sasa kwenye mrija nyuma ya filta kuna sensa ya hewa, ndani yake kijiwaya chembamba chenye moto, hewa ikipita inakipoza na kompyuta inahesabu umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake, kwa hivyo inajua hewa imeingia kiasi gani na imwage petroli kiasi gani. Mafuta yangu yakapeperuka yakaganda kwenye kijiwaya, likaja vumbi la barabara zetu za ndani, lile jeupe la mawe kama unga wa ngano, likajipaka juu yake. Gari ikaanza kukohoa, silensa, yaani ule mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda inashuka, taa ya cheki injini ikawaka na kodi, zile namba za hitilafu za kompyuta, P0171 na P0174, maana yake pande zote mbili petroli ndogo hewa nyingi. Fundi mmoja akaniambia pampu ya petroli imekufa. Nilishaanza kuulizia bei ya pampu Dar! Kilichoiponya ni kopo la spreyi ya kusafishia sensa ya hewa, dakika kumi, imekwisha. Iwe spreyi yake hasa, si ile ya kabureta, ile inaweza kuharibu plastiki ya sensa, wala usikiguse kijiwaya kwa kidole wala kwa pamba.

Kuhusu zile bomba ndefu zinazoshuka mpaka nyuma ya bampa chini kufuata hewa baridi: kwa nchi za watu wengine sawa. Jamaa yangu mwingine aliweka, ilikuwa inakimbia kweli kuliko yangu, masika ikaja akaingia kwenye dimbwi usiku asilolijua kina, filta ikanywa maji. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta lazima kitu kingine kipinde, ikapinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Injini nzima ile. Kwa hiyo hizo mie hata sizijadili.

Haya, ekzosi. Hapa ndo nilipochoma pesa hasa.

Kiwandani imepangwa hivi: kila upande una manifodi yake inayokusanya moshi wa silinda, halafu sega lake la kusafisha moshi, halafu mabomba mawili yanakutana kwenye Y katikati ya gari, linakwenda bomba moja mpaka kwenye mafla kubwa nyuma, lile kopo la kupunguza kelele, yenye midomo miwili. Mie nilimwendea mtu wa weldingi tukakata kila kitu baada ya masega, tukapeleka mabomba mawili ya inchi 3 kila moja, moja kwa moja mpaka nyuma, hakuna mafla hakuna Y hakuna kitu. Chuma cha kawaida, kwa sababu stenlesi nilisema ghali.

Siku ya kwanza raha. Siku ya pili nikampeleka mke wangu Paje. Kutoka Tunguu barabara inanyooka, gea ya sita, mzunguko kama 2,400, ukaanza mvumo. Si kelele, mvumo, unaingia kwenye meno. Nilikuja kuelewa baadae: injini ya silinda sita inalipuka mara tatu kwa kila mzunguko, 2,400 kwa dakika ni mizunguko 40 kwa sekunde, kwa hivyo mabomba yote mawili kwa pamoja yanapigwa mara 120 kila sekunde na bodi nzima ya gari inaitikia kama ngoma. Na kasi ile ndiyo unayokwenda nayo safari nzima. Tulipofika matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa ili wasigongwe kima punju, nikapunguza, kukawa kimya kidogo, mke wangu akasema neno moja tu, "alhamdulillah", hakusema jengine mpaka Paje. Na hayo matuta yenyewe bomba langu liliyasalimia yote, moja moja, maana tulilining'iniza chini mno.

Jirani yangu bibi mmoja mtu mzima, nilimkuta barazani nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akaniuliza kwa huruma kabisa: "hiyo gari yako bado inaumwa?" Mwezi wa Ramadhani nikawa naiacha mbali narudi kwa miguu watu wako kwenye tarawehe. Gari ya michezo unaiegesha mtaa wa pili kama mwizi.

Na nguvu? Imepungua mzunguko ukiwa chini. Watu watakwambia injini inataka presha ya nyuma, si hivyo, hakuna injini inayotaka kusukumwa nyuma. Inachotaka ni moshi uende mbio, moshi wa silinda hii ukikimbia unauvuta wa silinda inayofuata. Ukiupa bomba pana kuliko kiasi chake unatambaa, unapoa, hauvuti chochote. Inchi 3 kila upande kwa silinda tatu zisizo na tabo ya kusukumia hewa ni kama kumvalisha mtoto kanzu ya babu yake.

Tena kulikuwa na fundi akaniambia "masega haya ntakutolea bure kabisa kaka, yanabana". Ukisikia fundi anafanya kazi bure shika mfuko wako. Mle ndani mna platinamu na paladiamu na rodiamu, yana wanunuzi wake. Nilikataa, na hilo ndo jambo moja nililolifanya sawa mwanzoni. Ukiyatoa, sensa za oksijeni za nyuma zinagundua, unapata P0420 na P0430, taa haizimiki, na ukiendesha madirisha wazi unanuka petroli mpaka kwenye kofia.

Basi nikaanza upya. Nikatafuta mafla yuzdi, ya mtumba, ya Kijapani, nikachagua yenye kibati cha JASMA, ule ni umoja wa watengeneza mafla za michezo wa kule na kibati maana yake ilijengwa kufuata sheria ya kelele ya Japani, kwa gari za umri huu desibeli 96. Inalia lakini ina adabu. Halafu mabomba mawili ya inchi 2 na nusu, Y mpya inayokutana kwa pembe ndogo mabomba yanaingia kama njia mbili zinazoungana siyo kama njia panda, kutoka hapo inchi 3 moja mpaka kwenye mafla. Stenlesi 304 yote na weldingi ya agoni. Lile bomba la chuma la kwanza lilikuwa limeshaota kutu kwenye maungio ndani ya miezi minane tu, nakaa Bububu upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, kwa hivyo hiyo "ghali" nililipa mara mbili. Na ile tepu ya kufungia bomba isitoe joto usiifunge huku kwetu, inakaa na unyevu wa chumvi inakula chuma kimya kimya.

Boliti za zamani zimwagie mafuta ya kulegezea usiku mmoja kabla, sio asubuhi ile ile fundi ameshika spana. Yangu mbili zilikatika, siku nzima ikaishia kwenye kutoboa. Za kurudishia paka grisi ya shaba. Gasketi weka mpya zote. Ukimaliza washa injini ikiwa baridi, mtu aweke kitambaa kizito kwenye midomo ya nyuma sekunde chache tu, wewe pita chini usikilize panapopiga filimbi, au paka maji ya sabuni kwenye maungio. Kama panavuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inaingia, kompyuta inadhani petroli ni ndogo inaongeza, na wewe unalaumu bei ya mafuta.

Nguvu nilipima kwa ile ile programu ya simu, gea ya pili kutoka mzunguko 3,000 mpaka 5,500, alfajiri, barabara moja, mara tatu kwenda tatu kurudi. Koni na mabomba wazi sekunde 2.9. Ya kiwandani vyote, kabla sijagusa kitu, 2.7. Sasa hivi 2.6. Hiyo tofauti ya mwisho nisingeiapia msikitini, simu si daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari. Ila 2.9 ile naiapia, niliihisi mgongoni.

Tena katika hiyo 2.6 sijui niitoe wapi sifa, maana siku ile ile nilibadili plagi sita na kusafisha throto, ule mlango wa hewa wa injini, iliyokuwa nyeusi kama sufuria la kuchomea mihogo. Angalizo, ukiisafisha throto ya Nissan hii silensa inaweza kubaki juu mpaka ufanye ile shughuli ya kuifundisha upya kompyuta hewa ya silensa, usifikiri umeiharibu. Ningerudi nyuma ningeanza na hivyo, plagi na throto na sensa ya hewa na filta bapa mpya, halafu nikaendesha mwezi, halafu ndo nikazungumza na mtu wa weldingi. Kilichobaki sasa ni kile kipande cha milimita 8 cha kunyanyua mfuniko wa hewa juu ya injini, maana kwenye DE hizi za mwanzo mfuniko umeinamia mbele na silinda mbili za mbele zinapata hewa kidogo kuliko wenzao. Kimeshafika, nasubiri gasketi.

Koni bado ipo, safi, na mafuta yake nusu chupa. Anaeitaka aje Bububu achukue bure, ila asije akanirudia kaskazi ijayo.