Gari jeusi linalolala nje: waksi inasaidia wapi na inaishia wapi

Mkuu, umesema gari lako ni jeusi, ulilinunua likiwa limetumika, linalala nje chini ya mti, boneti imeanza kuwa na madoa yasiyotoka kwa sabuni, na jamaa yako anakushauri upige waksi kila wiki. Mimi nina gari jeusi mwaka wa saba sasa, na karibu kila kosa linaloweza kufanyiwa rangi nyeusi nimeshalifanya. Waksi itakusaidia, ila kila wiki hapana. Na kabla ya waksi kuna jambo lililo mkononi mwako.

Miezi ya mwanzo nilikuwa na tabia moja: kila asubuhi nachukua kitambaa kikavu, nafuta vumbi, gari linang'aa, naondoka nimejaa raha. Nilijua ndiyo matunzo. Siku moja usiku nikaliegesha chini ya taa kali, nikaona boneti nzima imejaa vimistari vyembamba vinavyozunguka taa kama utando wa buibui. Nikamlaumu muuzaji, nikamlaumu muoshaji. Kumbe ni mimi. Vumbi ni mchanga mdogo, na nilikuwa nausugua kwenye rangi kila siku inayokuja kwa Mungu. Halafu vile vimistari havikuwa duara hata kidogo. Vimeelekea kila upande, ila vile vilivyokaa sawasawa na mwanga ndivyo vinavyomulika, ndiyo maana macho yanaona duara. Gari jeupe linayo mikwaruzo hiyohiyo, ila weupe unaificha. Jeusi halifichi kitu.

Mikwaruzo hiyo haiko kwenye weusi wenyewe. Juu ya rangi kuna tabaka angavu ambalo mafundi wanaliita klia. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia prima, ile rangi ya kwanza ya chini, hadi juu, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa kichwani ni kama 70. Kwa hiyo ulinzi wote wa gari lako ni mwembamba kuliko unywele, na kila ukilipeleka kung'arishwa kwa mashine wanapunguza humo humo. Fundi aliyeniondolea ule utando wa buibui alifanya kazi safi, lakini aliniambia hiyo si kazi ya kurudiarudia kila mwaka.

Waksi inakaa juu ya klia, na haifiki hata mikroni moja. Kwa unene huo haiwezi kuzuia jiwe la barabarani, haizuii tawi, wala haizibi mkwaruzo unaoshika ukucha. Hata jua, kazi kubwa ya kupambana na mionzi yake inafanywa na viungo vilivyochanganywa ndani ya klia tangu kiwandani, waksi inaongeza kidogo tu. Kinachofanywa na waksi ni kuwa ya kwanza kuliwa. Asidi, chumvi, moshi, utomvu, vyote vinaanza na waksi kabla ya kufika kwenye klia, na uchafu unakuwa haujashika sana, kwa hiyo unaosha bila kusugua. Kwa gari jeusi hilo la mwisho ndilo nililoliona faida kubwa. Usiposugua, hukwaruzi.

Sasa hayo madoa. Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wanayaweka yote kapu moja.

Kama ni miduara myeupe myembamba yenye ukubwa wa tone, hayo ni madini ya maji, hasa kalisi na magnesi. Tone limekauka juani, maji yameondoka, madini yamebaki. Kuna hadithi kwamba tone la maji linakusanya jua kama lenzi na kuunguza rangi. Usiisumbukie, linalobaki pale ni chumvichumvi tu. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, ikapakwa gari likiwa kivulini na limepoa, ikaachwa dakika moja hivi kisha ikasuuzwa vizuri, iliyatoa ya kwangu mengi. Siki inapunguza nguvu ya waksi, kwa hiyo sehemu hiyo utaipaka upya.

Kama doa ukiligusa ni kama chunusi, hilo limekaa juu ya rangi: lami, utomvu, au chembe za chuma zinazoruka kutoka kwenye breki. Kwenye rangi nyeusi hizi huzioni, unazisikia mkononi. Osha gari, likaushe, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi kama glavu, pitisha vidole taratibu juu ya boneti. Plastiki inaukuza ukwaru. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilishtuka, gari ninaloliona kioo lilikuwa kama msasa. Dawa yake ni ule udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji ya shampuu. Ukikauka unakwaruza, na ukiuangusha chini tupa, hata kama roho inauma. Mimi niliuokota nikausuuza, nikaendelea. Mlango wa nyuma una kumbukumbu mpaka leo.

Aina ya tatu ndiyo mbaya, alama iliyozama, yenye ukingo kama ramani ya kisiwa. Hiyo ni mavi ya ndege. Nilisafiri siku tatu, nikarudi nikakuta moja limekauka katikati ya boneti. Nilipoliosha umbo lake lilibaki pale pale. Ubaya wake si asidi peke yake. Boneti jeusi juani inafika nyuzi joto 70 za Selsiasi, hata zaidi, klia inalainika na kutanuka; jioni inapoa na kusinyaa, huku imelishikilia lile gamba lililokauka, na inalichukua umbo lake. Waksi hapo inakununulia muda wa saa kadhaa tu. Ukiliona, lowesha kitambaa, kifunike juu yake dakika tano, kisha linyanyue bila kusugua. Mimi natembea na chupa ya maji na kitambaa kwenye buti kwa ajili ya kazi hiyo tu. Alama yako ikiwa imeshazama, waksi haitaitoa, itaipa mng'ao. Ni mashine, na kama imepita klia ni rangi upya.

Ukishajua una doa gani, ndipo uje kwenye waksi yenyewe. Osha kwa shampuu ya gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, ukianza paa na kuishia chini kwenye matope. Sabuni kali ya vyombo niliacha kuitumia, inaondoa mafuta, na waksi nayo ni jamii ya mafuta. Kausha kwa taulo nene la maikrofaiba, ukiliweka na kulivuta taratibu.

Kisha kivuli. Hapa sikubaliani na mtu. Mara yangu ya kwanza nilipaka mchana, gari zima kwa mpigo, tena nene kama napaka chokaa ukutani, nikiamini ikiwa nyingi ndiyo itadumu. Iliganda. Nilitumia saa nyingi kuitoa, na kule kusugua kukaniachia mikwaruzo mingine. Waksi inayobaki kwenye rangi ni ile ndogo iliyoshika, hiyo nyingine yote unaihamishia kwenye kitambaa. Gusa boneti kwa kiganja, kama ni ya moto subiri. Paka kidogo mno, kipande kimoja kimoja, kwa mistari ya mbele na nyuma. Ikianza ukungu, pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa, kikivuta na kuburuta, bado. Futa kwa maikrofaiba safi, ukigeuza upande mara kwa mara. Epuka plastiki nyeusi za bampa na mipira ya vioo, waksi nyeupe ikishaingia kwenye vinyweleo vyake utaisugua mpaka uchoke.

Kwa kuwa gari lako limetumika, angalia pia kitambaa chako. Kikigeuka cheusi ukipaka polishi, huenda sehemu hiyo ilipigwa rangi isiyo na klia juu, na hapo unapunguza weusi wenyewe. Sehemu iliyorudiwa rangi karibuni usiipake waksi mpaka fundi aliyeipaka akuruhusu. Viyeyusho vinahitaji wiki kadhaa kutoka. Na rangi isiyong'aa, ile ya kufifia makusudi, haipakwi waksi kabisa.

Waksi gani? Ya karnauba inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya michikichi na minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na kwenye rangi nyeusi inatoa wingu la kina ambalo sijaliona kwenye kitu kingine. Inapendeza, lakini kwa gari la nje kwangu haikuwahi kumaliza miezi miwili. Za kutengenezwa maabara zina mng'ao mkavu kidogo, kama kioo, ila zinanifikisha miezi minne mpaka sita. Sasa natumia ya maabara kwa mwaka mzima, na karnauba nikiwa na harusi. Kuna seramiki pia, dawa ya maji inayopakwa na kuganda juu ya klia, inadumu miaka, lakini ukiipaka juu ya mikwaruzo umeifungia humo, kwa hiyo ni lazima rangi irekebishwe kwanza.

Kuhusu kila wiki: kila ukifuta waksi unagusa rangi, na kila ukigusa unabahatisha. Tazama maji. Osha vizuri kwanza, kwa sababu uchafu nao unaharibu kipimo, kisha mwaga maji juu ya boneti. Yakijikusanya matone ya duara na kukimbia, waksi ipo, achana nayo. Yakitandaa bapa na kukaa, muda umefika. Boneti na paa vinaisha kabla ya milango, kwa hiyo si lazima urudie gari zima.

Limebaki suala la mti. Utomvu mbichi nautoa kwa spiriti kwenye kitambaa, naushikilia mpaka ulainike, nasuuza, kisha napaka waksi pale pale kwa sababu spiriti imeiondoa. Lakini utomvu ukidondoka kila usiku, na ndege wakilala hapo juu, hakuna waksi itakayoshinda. Sogeza gari hata mita tano. Na usikimbilie turubai: juu ya gari lenye vumbi, upepo ukivuma, linafanya kazi ile ile ya kitambaa changu kikavu, tena usiku kucha.