Kaka kafungwa kwa shahidi mmoja wa usiku

Pole sana dada. Umesema kaka yako kapewa miaka 30 hapo Tanga kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na shahidi ni mmoja tu, anayedai alimwona usiku kwenye kichochoro cha Makorora. Rufaa ipo, ila kimbizaneni na muda: taarifa ya kusudio hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, sababu za rufaa ndani ya 45. Siku za kusubiri nakala za mwenendo wa kesi (maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani) na hukumu hazihesabiwi. Akiwa ndani, karatasi zake hupitia kwa mkuu wa gereza.

Sasa huyo shahidi. Tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, Mahakama ya Rufani inataka utambuzi wa macho usiache mwanya wa makosa. Someni mwenendo mstari kwa mstari. Taa gani, mwanga kiasi gani? "Kulikuwa na taa" haitoshi. Umbali? Alimtazama muda gani? Na kama alimfahamu zamani, mbona hakumtaja polisi siku ile ile? Mtu anaweza kuapa kwa moyo safi na bado akawa amemfananisha.

Hilo la kwamba kaka yako alikuwa Pangani usiku ule lilitakiwa litolewe taarifa kabla ya kesi kusikilizwa. Sasa ni gumu.

Wakili hamna? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu, ulizeni mahakamani. Vishoka wa getini "wanaomjua jaji" msiwape hata mia.