Nyongeza ya laki na nusu: usiangalie gross (mshahara kabla ya makato)

Unataka kuhama kazi, kutoka mshahara wa 900,000 kwenda 1,050,000? Piga hesabu ya kinachoingia mkononi. Ukiondoa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 na PAYE (kodi ya mshahara) ya Tanzania Bara, sasa unapata 729,500. Kazi mpya utapata 830,750. Nyongeza halisi ni 101,250. Kama unakatwa mkopo wa elimu ya juu wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya basic (mshahara wa msingi), toa 22,500 zaidi: inabaki 78,750.

Halafu nauli. Daladala moja ya ziada kwenda na kurudi, 600 kila safari, kwa siku 22 ni 26,400. Na kama kazini kwa sasa unakula bure, sahani ya wali maharage ya 2,000 itakutoa 44,000. Umebakiwa na 8,350, hata bando la mwezi la maana hupati.

Wengi wanakwama hapa: ukiwa chini ya miezi 6 kwenye kazi mpya, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu. Kabla ya kuhama, uliza pia kama 1,050,000 ni basic au imechanganywa na posho, na bima ya afya inaanza lini. Notisi ya siku 28 kwa mwajiri wa sasa toa baada ya mkataba mpya kusainiwa na pande zote mbili. Ahadi ya simu haitoshi.