Jibu: Timu ya shule au akademia, Ohio?

Dada, umeuliza kama kijana wa miaka 15 aliyehamia Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, aanzie soka timu ya shule au akademia, yaani kikosi cha vijana cha klabu. Aanzie shule. Msimu wa soka wa sekondari Ohio huanza Agosti hadi Novemba, kila kipindi cha mechi dakika 40. Kabla ya mazoezi ya kwanza daktari ampime na kutia sahihi fomu, la sivyo kocha hamwingizi uwanjani. Wengi hukwamia kwenye masomo: lazima awe amefaulu angalau masomo matano yenye krediti kamili katika kipindi cha masomo kilichotangulia. Matokeo ya shule aliyotoka yapeleke mapema, hata kabla hajanunua viatu.

Akademia ya Columbus Crew, klabu ya kulipwa ya mji huo, ni nzuri mno, ila ngazi hiyo kwa kawaida haimruhusu mchezaji kuchezea shule pia. Klabu za kulipia nazo, uliza ada pamoja na jezi na safari, maana safari ndizo zinazokausha mfuko.

Asipochukuliwa na akademia sasa, bado kuna soka ya chuo. Kiungo Darlington Nagbe alitwaa ubingwa wa vyuo na Chuo Kikuu cha Akron, Ohio, mwaka 2010, na 2023 alikuwa nahodha wa Crew iliyobeba MLS Cup, kombe la ligi kuu ya Marekani.