Nimemaliza uzamili, lakini kukaa tu kunanishinda

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nipo Bwiru, hapa Mwanza, kwa mama. Mwezi wa tano nilitetea tasnifu yangu ya uzamili, mwezi wa saba msimamizi akasaini masahihisho. Utafiti wangu ulihusu akina mama wanaoanika na kuuza dagaa hapa ziwani, dodoso 120. Miaka miwili na nusu nilikuwa najiambia: nikimaliza nitakula sato taratibu, nitapanda juu ya jiwe niangalie jua linavyozama. Nimemaliza, na siwezi. Saa kumi alfajiri macho yako wazi, moyo unanienda mbio kama vile nina sura ya tasnifu ya kuwasilisha. Nimejiandikia hadi ratiba ya mapumziko, nayo imenishinda. Nikikaa dakika kumi naona kama naiba. Juzi mama aliniwekea chai na matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, nikala huku napekua barua pepe. Nilipopeleka mkono tena, sahani tupu, na sikumbuki kula. Mama akaniangalia, akanyamaza. Kazi bado sijapata. Je, naumwa? – Mhitimu, Bwiru."

Marahaba, mwanangu, na hongera. Barua yote ile hujajipa hongera hata moja, basi pokea yangu.

Hiyo ratiba ya mapumziko imenichekesha, unisamehe. Nilijiona mwenyewe. Nilipostaafu ualimu, miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naamka saa kumi na moja kuandika andalio la somo ambalo hakuna darasa lililokuwa linalingojea. Siku moja mume wangu alinikuta sebuleni na kalamu nyekundu, nasahihisha gazeti. Hakusema kitu, akaenda kuchemsha chai. Kwa hiyo sikuiti mgonjwa. Mwili umezoea kukimbizwa, na aliyekuwa anaukimbiza ameondoka bila kuuaga. Lakini usingizi ukiendelea kukatika hivyo kwa wiki nyingine kadhaa, au chakula kikaanza kukataa kushuka, nenda ukamwone daktari. Hospitali ya Bugando wapo wanaoshughulika na mambo ya akili na usingizi, na kwenda kwao si aibu.

Sasa tuje kwenye tasnifu yako, maana jibu naliona humo humo. Bila shaka uliandika kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola na betri, dagaa wanaifuata taa, nyavu zinawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linang'aa, taa ya mtumbwi haina tena mvuto, na wavuvi wengi wanavuta mitumbwi nchi kavu. Siku hizo wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala mchana kweupe, wengine wanakwenda kuwaona watoto wao Ukerewe. Umewahi kusikia mtu mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akiwaita wavivu? Na hakuna aliyewaambia wavue kwanza mpaka dagaa waishe ndipo walale. Mwezi unapanda, wanalala. Giza likirudi, wanaingia ziwani.

Wewe ulifanya kinyume. Kila jioni ya miaka miwili na nusu uliiahirisha, ukamweka sato mbele yako kama zawadi ya mtihani. Mtihani umeisha, na sato naye amegeuka swali la mtihani: je, ninamfurahia ipasavyo? Ndiyo maana hashuki.

Na hilo la kuona unaiba, unamwibia nani? Wasukuma, watu waliozaliwa na jembe mkononi, wana ngoma inayoitwa wigashe, na wachezaji wake huimba wameketi. Jina lenyewe ni la kuketi. Sijasikia mtu akiwadai muda wao.

Nirudi kwenye ile sahani, maana kati ya yote uliyoandika ndiyo iliyoniuma. Matobolwa si chakula cha kupitisha tu. Viazi vimechemshwa, vimemenywa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani siku kadhaa huku mtu anafukuza kuku. Mchembe utaukata mbichi, uukaushe, uje kuupika baadaye, lakini tobolwa limeshaiva, linaingia mdomoni hivyo hivyo, gumu kama ukwaju mkavu. Ukiling'ata kwa pupa litakutoa jino. Unaliweka shavuni, unakunywa chai kidogo, unalisubiri. Linaanza kulainika pembeni, utamu unatoka kidogo kidogo, kisha katikati kunabaki kakipande kenye ubishi, na hako ndiko katamu kuliko vyote. Sahani moja inahitaji nusu saa ya maongezi. Wewe uliimaliza bila kuionja, na aliyeianika alikuwa amekaa mbele yako.

Chakula kimoja kwa siku kile bila skrini. Hilo tu kwa kuanzia, na usiliandike popote.

Ukitaka kutoka, shuka mjini upande kivuko cha Kamanga bila kuwa na safari. Kaa upande unaotazama Jiwe la Bismarck, vuka, nunua karanga upande wa Sengerema, rudi nacho. Nilipofanya hivyo mimi, dada yangu aliniuliza, "Sasa ulikwenda kufanya nini?" Nikamwambia nilikwenda kurudi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wanapita juu ya maji kwa gari, kilomita tatu hivi, dakika chache wameshafika. Sililii foleni ya kivuko kilichokuwapo pale kabla ya daraja hata kidogo, wapo wagonjwa walioteseka wakiingoja. Ila tuliokuwa tunavuka tukiwa wazima, ile ilikuwa saa pekee ya wiki ambayo hakuna mtu angeweza kukuuliza unafanya nini. Sasa inabidi uitafute mwenyewe.

Au usitoke kabisa. Bwiru yote ni mawe. Saa nne asubuhi, jiwe likishapata moto, angalia yule mjusi dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa bluu. Wewe msomi utapenda kujua kwamba jina lake la kisayansi limetokana na mji wetu: Agama mwanzae. Anapanda juu, anatikisa kichwa mara tatu nne kama mzee anayekubaliana na hotuba, kisha anatulia kabisa. Mimi huwa namwangalia mpaka chai inapoa. Ila ukienda ufukweni, usitumbukize miguu penye magugu na maji yaliyotulia. Kichocho hakijali shahada.

Kuhusu kazi sitakudanganya. Hofu hiyo ni ya kweli, na wajomba watauliza kila wakikuona umekaa kibarazani. Tafuta kazi kama kazi: asubuhi, maombi, barua, simu, mpaka saa tano au sita. Halafu funga kompyuta. Barua ya maombi inayoandikwa saa kumi alfajiri na mtu ambaye hajalala husomeka hivyo hivyo. Ratiba iwe ya hilo, mchana uachie wenyewe. Na wajomba waambie, "Nimeomba, nasubiri majibu." Ndiyo hali halisi, na haihitaji maelezo zaidi.

Jumamosi nenda mwaloni Kirumba. Wale akina mama 120, au hata wachache wao, wanakukumbuka kama binti mwenye karatasi. Nenda bila karatasi. Salimia, kaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chambua nao dagaa, acha waulize wao. Watakuuliza kama umeolewa, jiandae. Ukiondoka nunua sato mmoja, mfunue mashavu uhakikishe ni mekundu, macho yawe yanang'aa, umpelekee mama.

Kichwa mwachie yeye. Na mkishanawa, simu ikiwa chumbani, mwulize alitaka kusema nini siku ile aliponyamaza.

Shangazi