Mshipi unaojikunja kwenye baridi

Ndugu, umeuliza kwa nini mshipi wako wa kuvulia wa nailoni hutoka kwenye rili, yaani kigurudumu unakozungushiwa, ukiwa umejikunja kama springi unapovua samaki aina ya trauti wakati wa baridi katika vijito vya kusini mashariki mwa Minnesota, Marekani. Nailoni hukakamaa kwa baridi na kubaki na umbo la duara ulilozungushiwa, na kadiri mshipi unavyokuwa mnene ndivyo tatizo linavyozidi. Kwa hiyo tumia mwembamba, wa kuhimili uzito wa ratili 4, na kabla ya kurusha chambo vuta mita kadhaa taratibu kwa mikono miwili mpaka unyooke. Wanaokushauri uhamie mshipi wa kusukwa wanasema kweli kwamba haujikunji, ila hunyonya maji, nayo huganda kwenye pete za ufito wa kuvulia ambamo mshipi hupita, jambo ambalo kwa maoni yangu linaudhi zaidi. Barafu ikiziba pete, chovya ncha ya ufito mtoni, kwa kuwa maji ya chemchemi huko hayagandi, wala usiivunje kwa nguvu. Chambo nacho kipitishe polepole kwenye vina vilivyotulia, maana trauti hawakimbizi chakula majira hayo.